Kabla ya kulitupa godoro, yachunguze matabaka yake

BINADAMU hutumia karibu thuluthi moja ya maisha yake akiwa usingizini, lakini ni wachache wanaoweza kueleza kilichomo ndani ya godoro wanalolilalia. Mtu akiamka kiuno kinamuuma au mkono umekufa ganzi, aghalabu hutoa hukumu moja kati ya mbili. Ama huulaumu umri wake, ama huliweka godoro kando na kwenda dukani kununua jingine lililo gumu zaidi.

Hukumu zote mbili zaweza kumponza. Ya kwanza humfanya avumilie maumivu ambayo pengine yangepungua kwa kazi ya nusu saa chumbani mwake. Ya pili humtoa maelfu ya shilingi mfukoni, kisha baada ya mwezi mmoja akajikuta pale pale alipokuwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi wetu hatukijui hata kile tunachokilalia.

Ukweli ni kwamba raha ya godoro haitokani na ugumu au ulaini wake peke yake. Hutokana pia na jinsi matabaka yake yalivyopangwa: lipi liko juu, lipi liko kati, lipi liko chini, na kila moja lina unene gani. Mpangilio huo ukibadilishwa, godoro lile lile huweza kulalika kana kwamba ni jingine kabisa.

Siku hizi yapo magodoro yaliyoundwa kwa nia hiyo. Mfuko wake wa nje una zipu inayozunguka pande zote, na ndani mna matabaka matatu au manne ambayo hayakugundishwa, ya sponji au ya mpira, wakati mwingine yakiwa juu ya springi. Mwenyewe huufungua mfuko na kuyapanga upya apendavyo. Wakenya wengi hawana godoro la namna hii. Wanalalia pande moja la sponji lililoshonewa kitambaa. Hata hivyo, kanuni ni ile ile, na nyumba yoyote yaweza kuitumia.

Kazi mbili zinazovutana

Godoro lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuubeba mwili usizame. Ya pili ni kuyapokea maumbile ya mwili ili pasiwe na sehemu inayogandamizwa kupita kiasi. Kazi hizi huvutana, kwa maana kinachofaa kubeba ni kigumu na kinachofaa kupokea ni laini.

Mwili wa mtu haujanyooka kama ubao. Mabega na nyonga zimetokeza, ilhali kiuno na shingo vimeingia ndani. Mtu akilala kwa ubavu juu ya kitu kigumu, bega na nyonga hubeba karibu uzito wote, nacho kiuno kikabaki kikielea bila cha kukishikilia. Neva na mishipa ya damu hubanwa, mkono ukafa ganzi, na usiku kucha mwenyewe akawa anagaagaa. Akilala juu ya kitu laini mno, nyonga huzama kuliko kifua, uti wa mgongo ukajipinda mithili ya machela. Asubuhi kiuno ndicho kinacholalamika.

Ndiyo sababu watengenezaji huzigawa kazi hizo. Tabaka la chini huwa gumu ili libebe, la juu huwa laini ili lipokee, na la kati huunganisha hayo mawili ili mwili usitoke kwenye ulaini na kugonga ugumu ghafla.

Jambo hili si geni kwetu. Wenyeji wa mwambao walilijua zamani kupitia kitanda cha kamba. Kamba ziliwambwa kati ya mifumbati na vitakizo, na zilipolegea zikakazwa upya. Juu yake ulitandikwa mkeka, kisha godoro la sufi au la pamba. Sufi iliposhikamana na kuwa madonge, godoro lilifumuliwa, sufi ikachambuliwa na kurejeshwa. Huko kulikuwa ni kurekebisha matabaka: kamba zilibeba, sufi ikapokea, na kila kimoja kilitengenezwa peke yake bila kukitupa kingine.

Kilichobadilika ni malighafi. Mwaka 1937 nchini Ujerumani, mwanakemia Otto Bayer na wenzake walivumbua poliyurethani, kemikali ambayo baadaye ilizaa sponji tunayoijua. Mwaka 1966 mhandisi Charles Yost, akifanya kazi kwa niaba ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, alibuni sponji nyingine kwa ajili ya viti vya ndege. Hiyo hulainika kwa joto la mwili, ikafuata umbo la mtu na kurejea polepole anapoondoka. Wauzaji huiita sponji ya kumbukumbu. Aina ya tatu ni lateksi, inayotengenezwa kwa utomvu wa mpira; hiyo hurudi upesi inapoachiliwa.

Densiti si ugumu

Kabla ya kupanga matabaka, yafaa kuondoa mkanganyiko mmoja ambao huwagharimu wanunuzi wengi. Muuzaji anaposema sponji ni ya densiti ya juu, mteja hudhani ameambiwa kwamba ni ngumu. Sivyo.

Densiti ni kipimo cha uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo. Ugumu ni kipimo cha nguvu inayohitajika kuibonyeza. Sponji yaweza kuwa nzito na bado ikawa laini. Yaweza pia kuwa nyepesi na bado ikawa ngumu siku ya kununuliwa. Kwa jumla sponji nzito hudumu zaidi, ilhali nyepesi huchoka mapema na kuacha shimo pale nyonga zinapokaa.

Mnunuzi anaweza kulikadiria jambo hili mwenyewe kwa mizani. Chukua godoro la futi 4 kwa 6 lenye unene wa inchi 6. Ujazo wake ni futi 12, ambazo ni sawa na takriban mita 0.34 za ujazo. Iwapo sponji yake ina uzito wa kilo 8.5, basi densiti yake ni karibu kilo 25 kwa kila mita ya ujazo. Ikiwa ni kilo 5 pekee, densiti ni karibu kilo 15. Kitambaa cha nje huongeza uzito kidogo, lakini tofauti ya namna hiyo haiwezi kufichwa na kitambaa. Aidha, ni vyema kuitazama alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kabla ya kulipa.

Mkanganyiko wa pili ni imani kwamba kadiri godoro linavyokuwa gumu ndivyo linavyoufaa mgongo. Imani hii imewafanya watu wengi wenye maumivu ya kiuno kulala sakafuni. Mnamo 2003 jarida la matibabu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa nchini Uhispania na Francisco Kovacs na wenzake. Watu wazima 313 waliokuwa na maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa magodoro magumu na wengine yenye ugumu wa wastani, bila kuambiwa ni yapi. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya wastani walikuwa wamepata nafuu zaidi ya maumivu, na shughuli zao za kila siku hazikutatizika kama za wenzao.

Utafiti huo haumaanishi kwamba godoro la wastani ni dawa ya kila mgongo. Unatufunza kwamba ugumu una kikomo, na kwamba mwili unataka kubebwa na kupokewa kwa pamoja.

Jinsi ya kujipima

Vipimo viwili vyatosha, na havihitaji fundi.

Kwanza, lala chali kwa dakika chache hadi misuli ilegee, kisha upenyeze kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa urahisi na nafasi ikabaki, tabaka la juu ni gumu au ni jembamba mno, nawe umeelea. Kisipopenya hata kwa kusukuma, nyonga zimezama. Kikipita kwa kugusa mwili na godoro bila ya kulazimishwa, hapo ni pazuri.

Pili, lala kwa ubavu jinsi ulivyozoea, na umwombe mwenzio akutazame kutoka nyuma. Mstari wa uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi kwenye kifandugu, wafaa uwe umenyooka sambamba na sakafu. Ukipinda kuelekea chini katikati, nyonga zimezama. Ukipinda kwa namna nyingine, huenda bega na nyonga zimekataliwa na godoro.

Wanaolala kifudifudi huhitaji tabaka la juu lililo gumu kidogo na jembamba, kwa kuwa tumbo likizama kiuno hukunjika kinyume.

Jinsi ya kuyapanga

Tuchukue godoro la zipu lenye matabaka matatu ya inchi 3 kila moja: gumu, la wastani na laini. Anza kwa mpangilio wa kawaida, yaani gumu chini, la wastani kati, laini juu. Lilalie angalau wiki mbili kabla ya kuligusa, kwani mwili uliozoea godoro bovu hulalamika hata unapowekwa pazuri.

Ikiwa nyonga zinazama lakini mabega yamestarehe, usiliondoe tabaka laini. Badilisha mawili ya chini: gumu lipande kati, la wastani lishuke. Ulaini ulioupenda utabaki juu, ila mwili utakutana na ukinzani mapema, baada ya inchi 3 badala ya 6. Hili ndilo badiliko linalosahauliwa na wengi, ilhali ndilo linalotatua malalamiko mengi ya kiuno.

Ikiwa bado unazama, lipandishe la wastani juu kabisa, gumu likae kati, na laini lishuke chini. Ulaini utausikia kwa mbali tu.

Ikiwa tatizo ni ganzi ya bega au maumivu ya nyonga, ilhali ulianza na laini juu, basi kupanga upya hakutasaidia, kwa kuwa mpangilio huo ndio ulaini wa mwisho wa matabaka uliyo nayo. Hapo lililobaki ni kulibadilisha la kati kwa jingine laini, au kuongeza tabaka jembamba juu.

Uzito wa mlalaji nao una neno. Mtu mwepesi hulibonyeza tabaka la juu na sehemu ya la kati. La tatu halisikii kabisa, na kulibadilisha ni kupoteza jasho. Mtu mzito huyabonyeza yote matatu, na kwake tabaka la chini lisilo imara ndilo chanzo cha maumivu hata kama la juu ni la bei ghali. Kwa sababu hiyo, godoro alilolisifu jirani laweza kuwa adhabu kwako.

Wanandoa wenye miili tofauti wana njia yao. Yapo matabaka yaliyokatwa mara mbili kwa urefu, hivi kwamba godoro la futi 6 kwa 6 huwa na pande mbili za futi 3 kwa 6 ndani ya mfuko mmoja. Mume aweza kupanga upande wake, mke naye akapanga wake, na juu ikatandikwa shuka moja.

Kanuni kuu ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha tabaka, mto na chaga kwa siku moja hatajua lipi lililomfaa wala lipi lililomdhuru. Daftari dogo kando ya kitanda, la kuandika tarehe, mpangilio na hali ya mwili asubuhi, litakusaidia kuliko kumbukumbu.

Asiye na godoro la zipu

Mwenye pande moja la sponji hajaachwa nje. Iwapo godoro ni gumu lakini halijabonyea, ongeza tabaka laini la inchi 2 juu yake. Wauzaji wa sponji wanaowahudumia mafundi wa viti hukata vipande kwa kipimo unachotaka. Iwapo ni laini mno, tafuta godoro jembamba na gumu uliweke juu ya lile la zamani, au uweke jembamba na laini juu ya jipya lililo gumu.

Kabla ya kutumia hela, jaribu kwa vitu vilivyomo nyumbani. Blanketi lililokunjwa likatandazwa chini ya godoro, pale nyonga zinapozama, litakuonyesha kwa siku chache kama unahitaji ukinzani zaidi. Blanketi nene lililotandazwa juu ya godoro gumu litakuonyesha kama mabega yanataka ulaini. Hayo si matibabu ya kudumu. Ni majaribio ya bure kabla ya kufungua pochi.

Liko jambo moja ambalo tabaka jipya haliwezi kulitengeneza, nalo ni shimo. Nyoosha uzi juu ya godoro kutoka ukingo hadi ukingo na upime kina kwa rula. Bonde likizidi inchi 1.5 hivi, sponji imechoka. Tabaka jipya juu ya shimo hulifuata shimo.

Godoro la sponji tupu laweza kugeuzwa juu chini na kuzungushwa mchago ukawa miguuni, mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne. Lenye matabaka yaliyopangwa halifai kugeuzwa juu chini. Hilo huzungushwa tu.

Kitanda, mto na hali ya hewa

Mara nyingine godoro husingiziwa kosa la kitanda. Chaga zilizovunjika, au zilizoachana kwa zaidi ya inchi 3, huliacha godoro likiingia katika mianya. Lilaze sakafuni kwa usiku mmoja au miwili. Ukiamka salama, mwite seremala, wala usiende dukani. Usiliache huko chini kwa muda mrefu, kwani unyevu wa jasho hukosa pa kutokea na ukungu ukaota.

Mto nao hauna budi kufuata tabaka. Ulaini ukiongezwa juu, bega huzama na kichwa kikasogea karibu na godoro, hivyo mto uliokuwa unafaa huwa mrefu mno. Wapo waliotibu kiuno wakaamka na shingo iliyokaza kwa sababu hiyo.

Hali ya hewa pia ina nafasi yake. Sponji ya kumbukumbu huwa ngumu kwenye baridi na laini kwenye joto. Tabaka hilo hilo litakuwa gumu alfajiri mjini Nyahururu na kuwa laini mjini Mombasa. Isitoshe, hutunza joto, jambo ambalo mkazi wa Limuru huenda akalishukuru na mkazi wa Lamu akalijutia. Anayeishi kwenye joto na atokaye jasho usiku afikirie lateksi au springi, au aliweke tabaka la kumbukumbu kati badala ya juu.

Na desturi ya kuanika godoro juani yahitaji kufikiriwa upya. Sufi na pamba hunufaika kwa jua. Sponji na lateksi huharibiwa na miale yake, zikabadilika rangi na kuvunjikavunjika. Hizo zipunge hewa kivulini.

Wasiofaa kufanyiwa majaribio

Mtoto mchanga hayumo katika hesabu hii. Yeye hulazwa chali juu ya godoro gumu na tambarare, pasipo mto wala tabaka laini la kuongezwa, kwa sababu uso wake ukizama katika ulaini aweza kukosa hewa. Mzazi anayelala na mwanawe kwenye godoro aliloliongezea ulaini amtafutie mtoto mahali pake.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza naye ana mahitaji yake. Hatari yake ni vidonda vinavyotokana na kugandamizwa kwa ngozi kwenye nyonga, visigino na kifandugu. Tabaka zuri la juu humsaidia, lakini halichukui nafasi ya mikono ya kumgeuza mara kwa mara mchana na usiku. Familia yenye mgonjwa kama huyo imwulize muuguzi ratiba ya kumgeuza na aina ya godoro linalomfaa.

Vilevile, yapo maumivu ambayo si ya godoro. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni pamoja na udhaifu au ganzi, yanayoambatana na homa au kupungua uzito bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka, ni ya kupelekwa hospitalini. Na mtu akishindwa kuuzuia mkojo au choo, au akifa ganzi sehemu za siri, asisubiri hadi asubuhi.

Kwa wengine wote, hatua ya kwanza ni kulifunua godoro na kulitazama. Kama ni lazima kununua, vua viatu dukani, ulale kwa mkao wako wa kila usiku kwa muda wa dakika kumi, na umwulize muuzaji maswali matatu: ndani mna matabaka mangapi, je, mfuko unafunguka, na je, tabaka moja laweza kubadilishwa bila kununua godoro zima? Majibu yake yaandikwe kwenye risiti.